Kuitembelea Oman na kuwajua watu wake: mpango wa siku tisa kutoka Muscat hadi mchanga wa Sharqiya

Wageni wengi hupanga safari ya Oman kwa vivutio: ngome hii, bonde lile, usiku mmoja jangwani, kisha uwanja wa ndege. Wanarudi na picha nzuri, lakini hawajakaa na Mwomani hata nusu saa, kwa sababu wahudumu wengi wa hoteli, migahawa na maduka ni wageni waliokuja kutafuta kazi. Anayetaka kuwajua wenyeji hana budi kuipanga safari kwa siku za masoko na kwa saa ambazo watu wanakaa barazani, ngome na mabonde yafuate. Mpango ulio hapa chini umejengwa hivyo.

Chagua msimu kwanza

Nenda kati ya mwisho wa Oktoba na mwisho wa Machi. Mchana joto huwa la kustahimilika, na usiku wa Desemba na Januari jangwani baridi inaweza kushuka hadi kama nyuzi 10, kwa hiyo beba sweta na soksi hata kama watu wamekucheka. Kuanzia Mei hadi Septemba joto hupita nyuzi 45 sehemu za ndani. Siku moja ya Juni 2018, katika mji wa pwani wa Qurayyat, kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku na mchana mzima. Serikali yenyewe hupiga marufuku kazi za nje kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Wakati huo Mabedui wengi, wafugaji wa jangwa la mchanga la Sharqiya, nao huhamia kwenye mashamba ya mitende pembezoni mwa jangwa kuvuna tende, hivyo hata ukivumilia jua utakuta mahema hayana watu.

Dhofar, kusini, ina kalenda yake. Kuanzia mwisho wa Juni hadi Septemba huja *khareef*, msimu wa ukungu na manyunyu, milima ya Salalah ikawa kijani na Waarabu wa Ghuba wakajaa barabarani. Ni safari nyingine kabisa, wala usijaribu kuziunganisha mbili katika wiki moja: kutoka Muscat hadi Salalah ni kama kilomita 1,000.

Ramadhani ina sura mbili. Ofisi hupunguza saa, migahawa ya njiani hufungwa mchana, na kula, kunywa au kuvuta sigara hadharani kabla ya magharibi ni kosa la kisheria kwa kila mtu. Anayekwenda kwa ajili ya jangwa atahangaika. Anayekwenda kwa ajili ya watu, hasa akiwa anafunga, hatapata mwezi mzuri zaidi ya huo, maana futari haimkosi mgeni. Sikukuu za Idi zina jambo lake: maduka hufungwa, kila mtu hurudi kijijini kwao, na nyama ya *shuwa*, iliyopakwa viungo ikafungwa kwa majani na kufukiwa kwenye shimo la makaa kwa siku moja au mbili, hufukuliwa. Mtu akikualika siku hiyo, vunja mpango wako uende.

Viza, dawa na fedha

Viza huombwa mtandaoni kwenye tovuti rasmi ya Polisi ya Kifalme ya Oman. Epuka tovuti za madalali zinazofanana nayo, kwa sababu hutoza mara mbili na wakati mwingine hukosea tarehe. Ada imekuwa rial 5 kwa siku 10 na rial 20 kwa siku 30. Itazame tena kabla ya kulipa. Baadhi ya nchi zimesamehewa viza kwa siku 14, basi angalia kama yako imo. Pasipoti iwe na uhai wa miezi sita. Ukizidisha muda unatozwa faini ya rial 10 kwa kila siku. Anayetoka nchi yenye homa ya manjano abebe cheti cha chanjo.

Dawa za maumivu zenye kodeini au tramadol, na nyingi za usingizi, ni dawa zinazodhibitiwa. Zibebe katika pakiti yake halisi, pamoja na barua ya daktari.

Rial moja ina baisa 1,000, na kwa kuwa imefungwa kwenye dola ni kama dola 2.60. Hapo ndipo wageni wanapoteleza: "rial tatu tu" inasikika kama si kitu. Kadi hupokelewa karibu kila mahali mijini, lakini sokoni Sinaw na kwa bibi anayeuza kazi ya mkono mchangani utahitaji noti ndogo. Kabla hujaondoka Muscat vunja rial 20 ziwe noti za rial moja, nusu rial na baisa 100.

Nunua laini ya simu uwanja wa ndege. Pakua ramani ya nchi nzima uitumie bila intaneti, kwa sababu mchangani mtandao hukatika ghafla. Ujumbe wa WhatsApp, wa maandishi na wa sauti, hupita vizuri. Simu za WhatsApp zimekuwa zikizuiwa. Namba ya dharura nchi nzima ni 9999.

Panga kwa siku za soko

Wikendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Masoko matatu ya ndani yana siku zake, nazo zimepangana vizuri: Jumatano ni soko la wanawake la Ibra, Alhamisi ni Sinaw, Ijumaa ni mnada wa mifugo Nizwa. Yote yako katika mzunguko mmoja wa barabara, na jangwa liko jirani. Kwa hiyo hesabu kurudi nyuma kutoka Ijumaa.

Fika Muscat Jumamosi. Jumapili asubuhi nenda Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001. Wasio Waislamu huingia Jumamosi hadi Alhamisi, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi. Wanawake wafunike nywele, mikono hadi viganjani, na miguu hadi kifundoni. Mlangoni hakuna mjadala. Jioni shuka Mutrah, mtaa wa bandari wa Muscat, ukae kwenye benchi za barabara ya bahari baada ya swala ya magharibi, wakati familia zinatoka. Soko la Mutrah lenyewe sasa limejaa bidhaa za watalii, ila vichochoro vya ndani vya wauza dhahabu na ubani bado vina wateja wa Kiomani.

Jumatatu shika barabara ya pwani hadi Sur, kama kilomita 200. Mji huu uliishi kwa majahazi ya Afrika Mashariki na India, na kuna karakana ambayo bado inaunda vyombo vya mbao. Lala hapo. Jumanne ingia Bidiyah, mji wa ukingoni mwa jangwa, na ulale mchangani. Jumatano alfajiri toka mapema kwenda Ibra, chini ya saa moja kwa gari. Ukipata siku ya ziada, iongeze hapa mchangani, usiiongeze Muscat.

Soko la Ibra la Jumatano ni la wanawake: wauzaji wanawake, wanunuzi wanawake. Vitambaa, manukato, vipodozi, nguo za watoto, viungo. Msafiri mwanamke aingie bila wasiwasi, anunue kitu kidogo, aulize manukato yanachanganywaje. Mazungumzo yataanza yenyewe. Mwanamume abaki upande wa soko la kawaida. Kuchungulia kunaudhi.

Alhamisi Sinaw ni mahali pa kukutana na Mabedui bila kuwapeleleza majumbani mwao. Wanashuka kuuza ngamia na mbuzi na kununua mchele, kamba na samaki. Wanawake wao, wengi wakiwa wamevaa *burqa*, kinyago kigumu kinachofunika paji la uso na pua, hufanya biashara wenyewe na hawapunguzi bei kwa haya. Fika kabla ya saa tatu asubuhi. Saa tano soko limeshalegea.

Ijumaa Nizwa mnada huanza asubuhi kukipambazuka na unakuwa umepamba moto saa moja hadi saa mbili na nusu. Wauzaji huzunguka duara wakivuta mbuzi kwa kamba na kutaja bei kwa sauti. Wanunuzi wamekaa ukingoni na katikati. Mtu akitaka kumtazama mnyama humvuta mwenye kamba kwa mkono wa nguo, hufungua mdomo wa mbuzi kuona meno, hupapasa mgongo na kiwele, kisha humwachia aendelee au hutaja bei yake. Simama nyuma ya waliokaa, usiingie njia ya duara kwa ajili ya picha: unawazuia watu kazi, na mafahali wa ng'ombe wanaoletwa baadaye huwa wakali. Ikifika saa nne watu wanaondoka kujiandaa kwa Ijumaa, na mji unafungwa hadi alasiri.

Jumamosi na Jumapili zitumie milimani: Misfat al Abriyeen, Bahla, au Jebel Akhdar. Njia ya Jebel Akhdar ina kizuizi cha polisi Birkat al Mouz, na gari lisilo fowili, yaani lisilovuta kwa magurudumu yote manne, halipiti, hata uombe vipi.

Gari na barabara

Wanaendesha kulia. Lami ni nzuri kuliko unavyotarajia, na hilo ndilo linalowaponza watu. Kikomo cha barabara kuu huwa kilomita 120 kwa saa na kamera ni nyingi mno. Matusi na ishara za mkono kwa dereva mwenzio ni kosa linaloweza kukufikisha polisi. Petroli imekuwa ikiuzwa kati ya baisa 229 na 239 kwa lita, lakini usipite kituo cha mwisho kabla ya jangwa ukiwa na nusu tangi.

Usiendeshe usiku nje ya miji. Ngamia wote wana wenyewe, ila wanazurura, na usiku hulala kwenye lami kwa sababu bado ina joto. Ngamia ana miguu mirefu: gari likimgonga, bonneti hukata miguu na kiwiliwili cha kilo mia kadhaa huingia kwa kioo cha mbele. Ajali hizo huua.

Mabonde makavu, *wadi*, yanavuka barabara kila mahali. Mvua inaweza kunyesha milimani kilomita 40 kutoka ulipo, kwako jua likiwaka, na maji yakafika kwa kishindo. Pembeni mwa vivuko kuna nguzo za vipimo zenye rangi nyeupe na nyekundu; maji yakigusa nyekundu, hapapitiki. Kuvuka wadi inayotiririka kwa makusudi ni kosa la jinai Oman, na kila mwaka wa mvua kubwa kuna wanaokufa hivyo. Simama, subiri. Mara nyingi maji hupungua ndani ya saa chache.

Kuingia mchangani

Mchanga wa Sharqiya, ambao watu wengi bado wanauita Wahiba kwa jina la kabila lake, una urefu wa kama kilomita 180 kutoka kaskazini kwenda kusini na upana wa kama 80. Matuta ya kaskazini hupanda hadi mita 100 hivi. Kama hujawahi kuendesha mchangani, usijifunzie hapo peke yako. Kambi karibu zote za Bidiyah hutuma dereva akupokee kwenye kituo cha mafuta, gari lako dogo likabaki mjini. Lipa hiyo nauli. Kwanza ni salama, pili dereva ni kijana wa pale, na dakika 40 za njiani utajifunza kwake zaidi ya utakayoyapata kambini. Tena bima nyingi za magari ya kukodi hazilipi uharibifu wa nje ya lami, soma mkataba.

Ukiamua kuendesha, uwe na gari la pili pamoja nawe, na ufuate haya:

1. Punguza upepo wa matairi kabla ya kuacha njia ngumu. Kutoka psi 35 shusha hadi 18. Mchanga ukiwa laini sana, 15. Tairi lililolegea hutanuka na kubeba uzito juu ya mchanga badala ya kuchimba.
2. Weka fowili ukiwa bado umesimama, na zima mfumo unaozuia magurudumu kuteleza, kwa sababu hukata nguvu ya injini pale pale unapoihitaji.
3. Toka asubuhi. Mchanga wa alfajiri umeshikana kwa ubaridi na umande. Wa alasiri unamwagika.
4. Panda tuta wima, shuka wima. Kukata ubavu wa tuta ndiko kunakopindua magari.
5. Usikanyage breki kwa nguvu. Inua mguu tu, mchanga utakusimamisha. Ukitaka kusimama, simama gari likielekea mteremko.
6. Usikate kona kali upepo ukiwa chini. Tairi huchomoka kwenye rimu, na kulirudisha pale jua likiwaka ni kazi ya nusu siku.
7. Ukirudi kwenye lami jaza upepo kabla ya kukimbia. Tairi laini kwenye lami hupata joto na kupasuka. Mafundi wa tairi mjini Bidiyah hujaza kwa malipo madogo.

Gari likikwama, kosa la kila mtu ni kuongeza mafuta. Magurudumu huchimba, tumbo la gari hukaa juu ya mchanga, na hapo hata fowili haina kazi. Acha mafuta mara moja. Chukua sepetu, ondoa mchanga mbele na nyuma ya kila gurudumu na chini ya tumbo, shusha upepo hadi 12, kisha rudi kinyumenyume polepole juu ya alama zako mwenyewe, maana hapo mchanga umeshashindiliwa. Mazulia ya gari chini ya magurudumu husaidia.

Maji: lita 5 kwa mtu kwa siku, na akiba ya siku moja zaidi ambayo haiguswi. Ukipotea au gari likifa, baki kwenye gari. Gari linaonekana kwa mbali na lina kivuli. Mtu anayetembea hana vyote viwili. Asubuhi kung'uta viatu kabla ya kuvaa, maana nge hupenda joto lake.

Kukaribishwa

Barabarani au sokoni mtu akikwambia karibu kahawa, mara ya kwanza ni adabu ya kawaida. Shukuru. Akirudia, shukuru tena. Akisisitiza mara ya tatu anamaanisha, na kukataa bila sababu kutamvunja moyo. Kukaa nusu saa kunatosha.

Vua viatu mlangoni. Waliopo chumbani wasalimie wote kwa "salaam aleikum", kisha wape mikono mmoja mmoja ukianzia kulia kwako, bila kumruka mtoto. Mwanamume asinyooshe mkono kwa mwanamke. Yeye akinyoosha, pokea, asiponyoosha, weka kiganja kifuani. Kaa chini, miguu ukiikunja ili nyayo zisimwelekee mtu.

Halafu zinafuata habari. Hii ni kawaida yenye utaratibu, hasa kwa wazee na Mabedui: mwenyeji huuliza una habari gani, nawe hujibu hakuna ila kheri, hata kama kuna jambo zito. Wewe nawe unamuuliza. Mambo halisi yanakuja baada ya kahawa. Mgeni anayerukia moja kwa moja maswali yake, "mnaishije hapa, mnapata wapi maji", anafanana na karani wa sensa. Uliza afya, safari, mvua, mifugo, tende za mwaka huu. Kwa Mabedui mvua ni habari kubwa kuliko siasa. Uliza watoto na jamaa kwa ujumla. Usimuulize mwanamume habari za mkewe.

Kwanza huletwa tende au halwa, au matunda. Halwa huchotwa kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, kisha kuna bakuli dogo la maji la kusuuza vidole. Baadaye kahawa: chungu, ina iliki, haina sukari, na ndiyo maana tende imetangulia. Mmiminaji hushika dele, birika la kahawa, kwa mkono wa kushoto na vikombe kwa wa kulia, anamimina robo ya kikombe tu. Kujaza kikombe si ukarimu kwao. Pokea kwa mkono wa kulia, kunywa, rudisha mkononi mwake. Ukitaka kuacha, kitikise kikombe kushoto na kulia mara mbili tatu unapokirudisha. Usipotikisa ataendelea kumimina hadi usiku. Vikombe viwili au vitatu ni adabu nzuri. Usikiweke chini na kukisahau, kwa sababu mwenzio anakihitaji: mara nyingi vikombe ni vichache na vinazunguka.

Chakula kikiletwa ni sinia moja la wali na nyama au samaki. Kula upande wako. Mwenyeji atakusogezea minofu mizuri. Ule kidogo, umsogezee jirani yako nawe. Mke na mume wakialikwa nyumbani wajue watatengana mlangoni, mke kwa wanawake, mume kwa wanaume. Hapo msafiri mwanamke ana bahati, kwa sababu ataona pande zote mbili, na upande wa ndani ndiko kwenye vicheko.

Ukipenda kitu cha mwenyeji, sema mashaallah na usikisifu sana, asije akajiona analazimika kukupa. Chetezo cha ubani au udi kikishapitishwa na marashi yakanyunyizwa, aga. Waarabu wa Ghuba wana msemo kwamba baada ya udi hakuna kukaa, na wanamaanisha.

Usitoe fedha kwa mtu aliyekukaribisha nyumbani kwake. Peleka kitu mkononi: kilo ya matunda, kahawa nzuri, karafuu, biskuti za watoto. Kikabidhi bila maelezo, na usishangae kisipofunguliwa mbele yako. Nyumba za Kibedui ambazo kambi hupeleka watalii ni jambo jingine: pale ni kazi ya familia, hivyo nunua ufumwaji wa yule mama au uache mchango, rial mbili tatu kwa mtu. Kunywa kahawa yake, kupiga picha ishirini na kuondoka mikono mitupu ni dhuluma.

Kiswahili Oman: kitumie kwa adabu

Sultan Said bin Sultan alihamishia makao yake Zanzibar katika karne ya 19, na familia nyingi za Sharqiya, Nizwa, Rustaq na Muscat ziliishi Afrika Mashariki kwa vizazi. Wengi walirudi baada ya mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi Julai 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kujenga. Kwa hiyo utasikia Kiswahili hospitalini, bandarini, kwenye foleni ya benki. Utakuta mandazi na mishikaki.

Hata hivyo anza na Kiarabu, walau salamu. Usimfikirie mtu kuwa Mswahili kwa rangi ya ngozi yake: kuna Waomani weusi ambao hawajui neno la Kiswahili, na kuna mzee mweupe wa Ibra anayekizungumza cha Unguja bila kigugumizi. Kumkisia mtu kwa rangi kunagusa habari za ukoo na za utumwa, ambazo hapa bado ni kidonda. Mwache mwenyewe afungue. Ukisikia Kiswahili, jibu kwa Kiswahili. Mlango utafunguka wote. Mwite mzee "babu" au "mzee", mama mtu mzima "bibi", kama kawaida, na umpe shikamoo. Habari za 1964 usizianzishe wewe. Wengine walizika jamaa zao kabla ya kuondoka. Wakitaka kusimulia watasimulia, kazi yako ni kusikiliza bila kutoa hukumu. Mkipanga kukutana, hakikisheni mnahesabu saa ipi, maana saa mbili ya Kiswahili na saa mbili ya Kiarabu zimetengana kwa saa sita.

Msikiti, falaji na kamera

Waomani wengi ni Ibadhi. Mwislamu wa madhehebu nyingine anaswali nao bila tatizo; atawaona wananyoosha mikono ubavuni na hawaitikii amin, wala hakuna atakayemsuta kwa yeye kufunga mikono.

Katika vijiji vya milimani utapita kando ya *falaj*, mfereji wa maji yanayotoka chini ya ardhi au chemchemini. Mitano iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, Falaj Daris wa Nizwa ukiwemo. Sehemu ya juu kabisa ni ya maji ya kunywa, chini yake huja msikiti na mahali pa kuogea, kisha mashamba, na shambani kila familia ina zamu yake iliyogawanywa kwa vipande vya nusu saa. Kuchovya miguu juu, kutumia sabuni, au kusogeza kijiwe kinachozuia mlango wa maji ni kuingilia haki ya mtu, hata kama unaona maji tu. Vaa nguo zinazofunika mabega na magoti, na ukikuta sehemu yenye kizuizi cha matete au ukuta mfupi, rudi: huenda wanawake wanaoga.

Kamera iwe mfukoni hadi umeshazungumza na mtu. Wanaume wengi watakubali, tena kwa furaha. Mwanamke, hasa Bedui mwenye kinyago, usimpige bila ruhusa yake wazi, na "hapana" yake usiijadili. Kumpiga kwa siri kutoka mbali ni kosa linaloweza kukuletea polisi. Majengo ya jeshi na polisi usiyaelekezee lenzi. Droni inahitaji kibali.

Ukiahidi kumtumia mtu picha, mtumie wiki hiyo hiyo. Chukua namba, andika jina la mtu na la ukoo wake vizuri, kwa sababu Salim wa Bidiyah ni wengi. Tuma ujumbe wa sauti siku za Idi zote mbili, hata kama ni sekunde kumi. Ukisikia wamefiwa, piga simu ndani ya siku tatu za mwanzo, wakati nyumba bado inapokea waombolezaji na wageni. Baada ya hapo rambirambi inaonekana imechelewa. Na ukirudi Oman, waambie mapema, kwa kuwa kupita karibu na kijiji cha mtu aliyekukirimu bila kumjulia hali kutamfikia kabla hujavuka mji unaofuata.